Mikato Miwili, Sikio la Kushoto

Baba, shikamoo.

Jana nilikuja Gitting na kompyuta mgongoni. Nikasimama pale ulipolala, nikakuamkia kama kawaida, halafu nikabaki nimesimama kama mjinga, nasubiri. Miezi saba imepita na bado nasubiri marahaba yako. Nililia tu pale, sikusema hata moja nililokuja nalo, ndiyo maana nimeona niandike.

Mama hajambo. Siku hizi anavaa lile koti lako la kazini, na ukimwambia limechakaa anakasirika. Ngano ya mwaka huu imekubali. Paka wako amehamia kwa jirani, hana adabu. Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa nakuja kwenye la gemu, ambalo nimeliogopa tangu nilipoanza kuandika barua hii.

Unakumbuka lilivyoanza. Nilikuwa nimechoka na duka langu la Mbulu, kutwa natoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Nikakwambia nataka kutengeneza gemu dogo la simu: ng'ombe wa watu wengi wamechanganyikana mnadani, na mtoto anatakiwa kuwatambua ishirini wa kwao, awarudishe nyumbani kabla jua halijazama. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kesho yake nikakuta umeshachora wanne, nyuma ya fomu za chanjo ulizobaki nazo tangu enzi zako za ubwana mifugo. Mwisho walifika sitini na wawili, na hakuna waliofanana. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, ukawa unaushikilia kwa wa kushoto. Mimi nikawapiga picha mmoja mmoja, nikawaingiza kwenye kompyuta.

Lakini kichwani mwangu kulikuwa na wezi tu. Wewe ulikuwa unawaza kwato na mikia, mimi nawaza watu wa memori kadi, wanaorusha kila kitu simu kwa simu na hakuna anayeuliza ni cha nani. Wale wanne wa mwanzo niliwapiga muhuri mkubwa katikati, wenye jina la gemu, ili picha isinakiliwe. Ulivaa miwani ukatazama. Ukasema, "Huyu umemchapa tumboni kama gunia. Ng'ombe anatambulika sikioni. Kwa nini nisiwawekee alama yetu?"

Mikato miwili chini ya sikio la kushoto. Alama ya babu, ambayo ulikuwa ukiwakata ndama wetu mimi nikiwa mtoto naziba uso. Ng'ombe wetu wa mwisho aliuzwa nilipokwenda chuo, kwa hiyo alama ile ilikuwa haina mnyama tena duniani, na mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Bado nilikujibu, "Baba, hayo ni mambo ya zamani. Wezi wa kompyuta hawaangalii masikio."

Ukasema, "Haya, Mhandisi." Ukatoka nje kuangalia kuku.

Halafu nikaweka kufuli. Kila simu iliyotaka kufungua gemu ilipaswa kuandikiwa namba nane, ndani ya dakika moja. Ukikosea mara tatu inafunga, na hakuna wa kuifungua isipokuwa mimi. Nilijivuna kweli. Nilikutumia gemu likiwa limekamilika, uwe wa kwanza kulicheza, na namba zako nane nikakuandikia kwenye ujumbe. Sikufikiria vidole vyako. Sikuvifikiria kabisa, Baba, na nilikuwa nimevitazama vikitetemeka juu ya fomu zile kwa miezi.

Ulinipigia simu. "Mhandisi, gemu lako limenikataa." Ulikuwa unacheka, lakini nilisikia aibu humo ndani, ya mtu aliyefukuzwa mlangoni kwa mwanawe. Nikakwambia nitakuja Jumamosi kurekebisha. Jumamosi ilipofika sikuja. Mtu alikuwa ameniambia kwamba picha zinaweza kunaswa zikiwa kwenye kioo cha simu, na siku ile nzima nilikuwa Mbulu nahangaika kupiga ng'ombe wako mihuri mingine. Alhamisi Mama akapiga simu. Kabla hajasema neno nilijua, kwa alivyokuwa anahema.

Niliposhika simu yako baada ya mazishi, maneno yalikuwa bado yapo, niliyoyaandika kwa mkono wangu: "Huruhusiwi kufungua. Wasiliana na mwenye gemu." Ulikufa hujacheza gemu la ng'ombe wako mwenyewe. Nimetafuta namna nyepesi ya kulisema hili, sijaipata.

Sasa sikia maajabu. Nilipoanza kuliuza gemu, kufuli hilo lililokushinda wewe halikuwashinda wezi. Mwezi uliopita nilikwenda Katesh kununua wino wa printa, nikaingia duka moja la simu, nikamkuta kijana wa dukani analirusha gemu letu kwa wateja. Muhuri wa tumboni umefutwa safi, na mwanzoni pameandikwa jina lake. Nilipiga kelele, Baba, mimi ambaye ulinilea kwa upole. Akanitazama akasema, "Dada, una ushahidi gani? Ng'ombe ni ng'ombe."

Kompyuta yenye picha zako ilikuwa Mbulu, na mihuri yangu yote ilikuwa imefutika. Kulikuwa na dalali mmoja wa mnadani, mzee, amekaa kwenye benchi anasubiri simu yake ijae chaji. Akasema, "Hebu nione." Akaisogeza simu karibu na jicho, kisha mbali, kisha karibu tena. "Hawa ni wa Bwana Mifugo wa Gitting," akasema. "Mikato miwili chini, sikio la kushoto. Nilikuwa nauza ng'ombe wao kabla wewe hujazaliwa. Yeye hajambo?"

Hakuwa na habari. Ilibidi mimi nimwambie.

Nikachukua simu nikamkuza ng'ombe mmoja mpaka sikio likajaa kiooni. Mikato miwili. Nikaenda kwa wa pili, wa tatu. Hata wale wanne wa mwanzo, ambao ulisema kwato hazijakaa vizuri ukawachora upya, nao wanayo. Uliniitikia "haya" na ukaendelea na lako. Mimi niliyewapiga picha mmoja mmoja sikuwahi kutazama sikio hata la mmoja. Na ng'ombe wa kwetu kwenye gemu walitakiwa kuwa ishirini tu, wewe ukawafanya wote sitini na wawili wetu. Mwizi wa ng'ombe wewe!

Kijana hakuomba msamaha. Alifuta jina lake, akaandika la kwako, nikamtajia herufi moja moja mbele ya dalali. Nakala zilizokwisha kusambaa hazirudi, na jina lake litaendelea kuzunguka nazo. Hilo linaniuma bado. Lakini ng'ombe wanatembea na masikio yao.

Jana, nikitoka kaburini, niliunganisha simu yako na kompyuta nikaondoa kufuli. Nikampa Mama. Akavaa miwani yako, akagusa kioo kwa kidole kimoja kama anapima joto la uji. Akatokea ng'ombe wa kwanza, yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Mama akaigusa ile pembe. Akasema, "Huyu si ndiye tuliyemuuza ukaenda chuo?"

Nilitoka nje kuangalia kuku.

Baba, mihuri ya tumboni nimeiondoa yote. Kufuli nimelitoa kwenye kila nakala niliyonayo. Atakayeiba na aibe. Jina lako nimeliweka mwanzoni, na alama iko pale ulipoiweka. Na nakuahidi hivi: sitatengeneza tena kitu kabla sijakaa na mtu mwenye mikono kama yako, nikamwona akikifungua mwenyewe. Ngano ikishavunwa namnunulia Mama mtamba. Akizaa, ndama nitamkata mimi, sikio la kushoto, mikato miwili chini, na safari hii sitaziba uso.

Pumzika, Baba. Nisamehe ile Jumamosi.

Mwanao,
Mhandisi