Tusekile, Mguu Ulikuwa Wako

Tusekile, mjukuu wangu,

Kaburi lako limeota nyasi, na mama yako huzing'oa mwenyewe. Jumapili iliyopita nilipoinama kumsaidia alinipa shikamoo, akahamia upande wa pili. Tangu tukuzike hajanivunjia heshima hata mara moja. Ananipikia, ananiita baba, na zaidi ya hapo hazungumzi nami.

Kuna jambo ulikufa hulijui. Niliyekuficha ni mimi.

Daktari wa Mbeya alisema uvimbe wa goti lako ni kansa, na mguu ukikatwa mapema utakuwa na nafasi nzuri ya kupona. Mama yako alishika kalamu siku ile ile. Kisha akakumbuka adabu ya mkwe, akanipigia simu hapa nyumbani Ipogolo. Nikamwambia asisaini. Mtoto ni wa ukoo wa baba, nikasema, na baba yake akiwa marehemu, wenye neno ni mimi na ndugu zangu. Ndugu zangu walikuwa Ubaruku, katikati ya mavuno ya mpunga. Tukangoja wavune.

Siwezi kusingizia ujinga. Nimesoma vitabu vya kutosha maishani, na daktari alinieleza taratibu kwamba sahihi ya mama inatosha. Lakini mimi niliondoka bonde lile la Ubaruku zamani, nikaacha mashamba na makaburi ya wazazi wangu, na nilichobaki nacho ni nafasi yangu katika kikao cha ukoo. Niliipenda kuliko nilivyojua.

Wiki ya tatu nilikuja wodini. Hukulia. Ulinitazama, ukasema, "Wewe babu gani? Mguu unaniuma mimi, kikao mnakaa ninyi. Si mniulize na mimi?"

Nilicheka, Tusekile. Nilidhani ni utani wetu wa siku zote. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na katika familia nzima ni wewe peke yako uliyekuwa umemuuliza daktari watakata wapi, utaamka saa ngapi, na shule utakwendaje. Ulikuwa umekwisha kuamua.

Wazee walifika wiki ya sita. Kikao chenyewe kilichukua nusu saa, tukakubali. Asubuhi yake daktari alinionyesha picha ya mapafu yako. Ugonjwa ulikuwa umefika huko, na kukata hakukuwa na maana tena. Nikaingia kwako. Ukauliza kama tumekubali. Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo kesho?"

Nikasema keshokutwa.

Ulifurahi. Ukamwomba mama yako akusuke, nywele zisiwasumbue wauguzi. Alikusuka huku anajua. Nilikuwa nimemkataza asikwambie. Uliingoja hiyo keshokutwa siku kumi na moja.

Mwezi uliopita mdogo wako Baraka alitakiwa kukatwa tezi za koo. Ndugu zangu wakapiga simu wakiuliza tukutane lini. Nikawaambia hakuna kikao. Mama yake yupo, na mtoto mwenyewe ana mdomo. Walininunia. Baraka akamuuliza daktari kama ataumia, akajibiwa kweli kwamba ataumia siku kadhaa. Akafikiri kidogo, akasema sawa. Mama yake akasaini. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, na ungeniona ungenicheka.

Bado wale ndugu zangu wanasema huko Ubaruku kwamba mama yako ndiye aliyechelewa kukupeleka hospitali. Nimewasikia nikanyamaza. Nakuahidi, wakija mwezi ujao, nitawaambia mbele yake kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwake siku ya kwanza, na aliyeizuia ni mimi. Na kwamba keshokutwa ilikuwa uongo wangu, si wake.

Pumzika, mwanangu. Msamaha sikuombi. Huwezi tena kunikatalia, na nimekwisha kukuamulia mengi mno.

Babu yako