Adelina Hajamaliza Kusoma

Isingiro, Karagwe
Jumapili, baada ya misa

Tata mpendwa, shikamoo.

Habari za goti? Mama bado analikanda kwa maji ya moto, au umeshaanza kumkatalia? Mimi mwili mzima, chakula kipo, mvua imenyesha vizuri na migomba imesimama. Lakini roho haijatulia. Nisipokuandikia leo, wanunuzi wa kahawa wanaokuja huko Muleba wataniwahi kukuambia kwamba binti yako amemtukana mwalimu mkuu mbele ya mgeni. Sikumtukana. Nakueleza yaliyotokea, kisha uhukumu mwenyewe.

Darasani kwangu, la nne, yumo msichana anaitwa Adelina. Mama yake ni mjane aliyetoka Nyakatuntu, sasa wanakaa kwenye kibanja cha mjomba wake, karibu na shule. Hesabu Adelina anazipata zote, na mwandiko wake ungeupenda. Ila ana kigugumizi. Neno likianza kwa "m" au "b", midomo inafungana, shingo inakaza, machozi yanamlenga. Watu wanasema alitekenywa mno alipokuwa mchanga. Mwalimu mkuu anasema ni kiburi. Sheria yake ni kwamba mwanafunzi akiitwa asome akanyamaza, apige magoti kwenye changarawe mpaka kengele ilie. Nakiri, Tata, miezi mingi niliitii sheria hiyo. Ni mimi niliyekuwa nikimwambia, "Toka nje, piga magoti."

Magoti hayo ndiyo yaliyomfikisha zahanati. Dresa wetu ni mzee mmoja, Bwana Petro. Wakati wa vita alikuwa hospitali ya askari, akimsaidia bibi mmoja aliyewafundisha kusema upya watu waliopigwa risasi za kichwa. Alimwosha Adelina vidonda, akamwuliza jina, akasubiri. Alisubiri mpaka jina likatoka lote. Kesho yake akaja shuleni.

"Mwalimu," akaniambia, "magoti nimeyatibu. Ugonjwa wenyewe uko darasani kwako."

Nilikasirika. Nikamwambia kama anajua kufundisha, chaki ile pale.

"Kufundisha sijui," akajibu. "Na wewe mambo ya ulimi huyajui. Basi tukae pamoja."

Jumatano akaja kukaa dawati la nyuma, kofia mapajani. Kipindi kilipokwisha nilitaka kujua Adelina amekosea mara ngapi. Yeye hakuwa amehesabu makosa ya Adelina. "Umemkatiza mara saba," akasema, "na mara nyingine umemmalizia neno kana kwamba amekuomba." Niliona haya, Tata, nikashindwa hata kufuta ubao.

Tangu siku hiyo tulifanya kazi wote wawili. Yeye alimfundisha Adelina kulianza neno polepole bila kulisukuma, mimi nikayaingiza hayo katika masomo. Darasa zima likawa linasoma wawili wawili, ili asionekane peke yake. Alisoma na rafiki yake Koku, sauti mbili pamoja, na Koku alikuwa akipunguza sauti yake kidogo kidogo mpaka Adelina anabaki peke yake bila kushtuka. Nilimwonyesha siku moja kabla ukurasa nitakaomwita asome. Zaidi ya yote, nilijifunza kunyamaza. Hakupona. Bwana Petro alisema tangu mwanzo kwamba huenda asipone. Lakini kahawa ilipoanza kuiva alikuwa anasoma ukurasa mzima, anakwama, anaendelea, anafika.

Ndipo ikaja siku ya kusoma mbele ya msimamizi wa shule, kuchagua watakaoendelea darasa la tano. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu mapema. Nikamwomba jambo moja tu: Adelina akikwama, apewe muda. Akasema, "Sawa, sawa," huku akitafuta kofia yake.

Adelina akasimama. Mistari mitatu ikaenda vizuri. Mstari wa nne ukaanza na neno "mbegu", akakwama. Nilimwona anafanya alivyofundishwa, ameacha kusukuma, ameanza tena taratibu. Mwalimu mkuu akagonga meza kwa rula. "Haya!" Akagonga tena. Kisha akamnyang'anya kitabu mkononi, akaandika sufuri, akaita, "Mwingine!"

Nikasimama. "Mwalimu Mkuu, hajamaliza kusoma."

"Mimi nimemaliza kusikiliza."

Tata, hayo ndiyo maneno yake! Mtu aliyekabidhiwa watoto wa watu! Nikamwambia, na hapa ndipo wanaposema nimetukana: "Basi sufuri hiyo ni yako, si yake. Aliyeshindwa kazi yake leo ni wewe."

Na Adelina bado amesimama, hana kitabu. Akasema, "Si-si-sijamaliza." Koku akampa kitabu chake. Msimamizi akaangalia saa yake, akaangalia dirisha, lakini hakumzuia. Alisoma mpaka nukta ya mwisho. Ilichukua muda, ndiyo. Hakuna aliyekufa kwa kusubiri.

Na baada ya hayo yote, sufuri ikabaki! Majina ya waliochaguliwa yalibandikwa juzi, la Adelina halimo. Msimamizi aliniita pembeni, akasema amesikia alivyosoma, ila hawezi kumvunjia mwalimu mkuu heshima mbele ya wanafunzi. Heshima ya nani imevunjwa hapo? Mimi nikaambiwa niandike barua ya kuomba radhi. Nilikataa. Basi muhula ujao nahamishiwa shule ya Rugu.

Jana mama yake Adelina alikuja na mkungu wa ndizi kunishukuru. Nikamwuliza ananishukuru nini, na mtoto amefelishwa? Akacheka. "Mwalimu, juzi amenibishia. Tangu azaliwe hajawahi kunibishia, alikuwa akiona maneno ni mzigo, ananyamaza. Juzi amenibishia mpaka mwisho!" Kisha akaniomba niende na Adelina Rugu, arudie darasa la nne kwangu. Mjomba wake amekubali. Bwana Petro ameandika karatasi mbili za maelezo, moja ya dresa wa huko, moja ya walimu watakaokuwa pamoja nami.

Sasa nakuomba jambo, Tata. Nakujua. Wewe ni mtu wa amani, ukisoma barua hii utachukua kalamu umwandikie mwalimu mkuu, umwambie binti yako ni mdogo, hajui asemalo. Tafadhali usiandike. Najua nilichosema, na nilikisema chote.

Nisalimie Mama na miguu yake ya shamba. Msalimie kaka mkubwa na shemeji, na shangazi anayeuliza kila mwaka nitaolewa lini, mwambie ninahama tena. Wadogo zangu wapate salamu zao mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake, na wakikujibu, wasikilize.

Ni mimi bintiyo,
Anastazia