Dawa Kwenye Uzio wa Viazi

Jumapili, 11 Agosti

Mvua imepumzika leo. Hatimaye! Nimetoka na koti la marehemu Ramiro, mume wangu, nikapigilia vijiti vya kupimia matuta ya kupanda. Viazi vya zambarau upande wa uzio, huko jua linafika mapema. Njegere katikati. Karoti chini mteremkoni. Udongo bado baridi, unang'ata vidole, lakini umelainika! Miaka yote hii nimeulisha samadi ya kondoo na mwani, magugu nikang'oa kwa mikono. Mkaguzi wa kilimo hai, kile kisichotumia dawa, anakuja mwezi huu. Akituridhia, kikundi chetu cha akina mama kitauza sokoni mjini Castro bila kumpigia dalali magoti.

Jumatano, 14 Agosti

Eleuterio! Mdogo wangu wa tumbo moja! Nimemkuta upande wake wa uzio, bomba mgongoni, anapulizia dawa ya magugu ile miiba yenye maua ya manjano. Na upepo wa kaskazini unavuma kuja kwangu — mvuke wote juu ya matuta yangu! Nimepiga kelele mpaka mbwa wakaingia uvunguni.

Yeye anacheka. Eti, "Dada, si nakusaidia? Miiba hii mwakani ingekumeza."

"Nani kakuomba?"

"Na wewe nawe! Baba alipulizia maisha yake yote."

Baba! Baba alikufa akikohoa, na Eleuterio ndiye aliyemshika kichwa. Nimemwambia hivyo hivyo, usoni. Akavua bomba, akaenda zake. Hata pole hakusema!

Alhamisi, 15 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Sasa inaiteremsha dawa mpaka kwenye tuta la karoti. Mshenzi.

Jumanne, 20 Agosti

Nyasi za kando ya uzio, upande wangu, zimegeuka rangi. Manjano, kama mgonjwa wa ini.

Rosalba, mwenyekiti wetu, amekuja na mkate wa moto. Nikajua tu, mkate huo una neno. Kumbe habari imeshamfikia. Eti nilime kile kipande, nigeuze udongo, mkaguzi hataona kitu.

"Shoga, usitutie kitanzi. Akijua, tunafungiwa kikundi kizima, siyo wewe peke yako."

Nikamuuliza, na anayenunua viazi vyetu amlishe mwanawe akiamini ni safi?

"Mtoto gani amekufa kwa kiazi kimoja? Acha utakatifu!"

Utakatifu! Mimi! Nimemrudishia mkate wake kikapuni. Amekwenda kanuna, na mimi nimebaki na njaa.

Kinachoniudhi zaidi — alipopotea tu kwenye kona, nilishika jembe. Nimegeuza tuta zima la uzioni kabla sijalitupa chini. Nani kanifanya niwe mtu wa kufichaficha kwenye shamba langu mwenyewe? Eleuterio anapita barabarani na ng'ombe wake, haniangalii. Vizuri. Asiniangalie!

Ijumaa, 23 Agosti

Mkaguzi amefika na Rosalba, wako nje. Nimeingia kuchemsha maji ya kahawa, naandika nimesimama.

Mkaguzi ni binti mdogo, mpole, lakini macho yake hayana mchezo. Moja kwa moja mpaka uzioni. "Mama, hapa nyasi zimekufa kwa nini?"

Rosalba akadakia: baridi! Barafu ya juzi!

Barafu ipi? Juzi tulikuwa na matope mpaka magotini! Binti hakumjibu, akanitazama mimi. Nikafungua mdomo — na hapo Eleuterio akaruka uzio. Hajaitwa na mtu! Kofia mkononi, nywele kazilaza kwa maji kama anakwenda kanisani. Nikasema ngoja nilete kahawa. Kahawa! Mwoga mkubwa mimi.

Nawaona dirishani. Eleuterio anasema, kichwa kainamisha. Anaonyesha ile miiba. Sasa anajipiga mgongoni, pale bomba linapokaa. Rosalba kamshika mkono wa sweta, anamvuta — amejinasua! Binti kachuchumaa kwenye tuta nililogeuza, anafikicha udongo. Anamuuliza jambo. Eleuterio anatikisa kichwa, hapana, hapana, anajigonga kifua. Mpumbavu huyu anataka kujitwika hata kosa la jembe langu!

Wote wamegeukia mlango wangu. Rosalba ananipungia kwa siri, nisitoke.

Maji yanafurika jikoni. Yafurike. Navaa koti —