Mgongo wa Mzee Chande

Jumatatu, 25 Novemba 1974
Tabasamu tena, kutwa nzima. Ofisi yetu ya habari ya serikali inataka picha za kijiji kipya: watu wanaimba, wanachimba kisima. Wanawake wametakiwa wavae khanga za sikukuu. Nimepiga picha zote. Najichukia.

Jumatano, 27 Novemba
Nimewakimbia wenzangu wa ofisini, nikaenda vijiji vya zamani karibu na mdomo wa Ruvuma. Nyumba zimechomwa moto ili watu waliohamishiwa kijiji kipya wasirudi. Korosho zinaozea chini. Mzee Chande, kiwete, alikataa kuhama. Mgambo wakawasha paa naye yumo. Mkewe, Bibi Somoe, anamuuguza chini ya turubai. Mzee mwenyewe ametaka nimpige picha mgongo. Mgongo wote umeiva. Nimeupiga picha, na uso wake pia. Nina hasira.

Ijumaa, 29 Novemba
Mzee Chande amefariki. Wanaume wamemzika kabla ya sala ya Ijumaa, mimi nimebaki na mjane. Dereva wetu wa ofisi ameninong'oneza: wakubwa wamesikia nilikopiga picha, mizigo yangu itapekuliwa. Mkebe wa filamu yenye picha za mzee nimemwachia Bibi Somoe. Nimemsisitizia usiingie maji, usishike ukungu. Mvua zimeanza.

Jumapili, 1 Desemba
Wamepekua kila kitu, hata nguo za ndani. Hawakupata. Nimeamriwa nipande meli ya kwanza kurudi Dar. Naogopa sana. Lakini filamu ipo. Rafiki yangu wa chumba cha kusafishia picha ataisafisha bila kuuliza, kisha waje waseme hakuna aliyeungua.

Jumanne, 3 Desemba
Nimeufuata mkebe. Jua kali baada ya mvua. Nimeiona kwa mbali: filamu yote imetandazwa juani, kando ya makopa ya muhogo. Haijasafishwa. Mwanga umeshaila, picha zote zimefutika.
"Ilianza kunuka unyevu, mwanangu," amesema Bibi Somoe. "Nimeianika vizuri. Nimeigeuza pande zote."
Nimekaa chini. Nilimwambia habari za maji tu. Jua sikulitaja. Nilitaka kupiga mayowe, naye ananiletea maji ya kunywa. Nakala hakuna. Ushahidi mwingine hakuna. Kuna kaburi tu.

Alhamisi, 5 Desemba
Bandarini Mtwara, nangoja meli. Mkebe uko mapajani, Bibi Somoe amenifungia kwa kipande cha shuka lake la eda. Sikumwambia kuwa picha hazipo tena. Sikuweza. Alinisindikiza mpaka mwisho wa ua, eda haimruhusu zaidi, akanishika mkono.
"Huko Dar waonyeshe uso wake," alisema. "Mgongo usiwaonyeshe."
Nikamwitikia, "Sawa, bibi."