Pampu ya Gari la Mkunga

4 Februari

Binti yangu, Mama,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri kila ninapotoka chini ya gari. Wewe je? Afya yako, na kazi ya kufua mashuka ya hospitali, vinaendaje? Usishangae kupata barua. Simu yangu spika imekufa, kila anayepiga ananong'ona. Nimeipeleka kwa fundi simu mara mbili, anasema nzima. Mafundi wa siku hizi ndio hao. Basi tuandikiane.

Nina gari linaninyima raha, lile kuukuu la bluu la mkunga wetu. Asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka ndipo liwake. Likishawaka linakwenda vizuri kabisa. Likizimwa saa moja tu, yale yale. Plagi nimeweka mpya, betri nzima. Nikafanya kama nilivyokufundisha: nikainua kiti cha nyuma, mkunga akafungua swichi, nikaweka sikio juu ya tangi kusikiliza pampu ya mafuta. Kimya. Nikabadilisha pampu. Hii mpya nayo kimya. Madukani siku hizi ni feki tupu, naagiza ya tatu. Wakati huo mkunga anakwenda kwa miguu na begi lake, na uchungu wa wanawake haumsubiri mtu. Juzi alikuta mtoto ameshazaliwa, kapokewa na bibi yake kwa taulo la kuogea.

Wewe unaonaje?

Baba yako,
Fundi Sikio (wateja bado wananiita hivyo)

21 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Pole na mgongo. Mimi ni mzima, mikono tu imechubuka kwa sabuni.

Kuhusu ile simu yetu ya Desemba, nimefanya kama ulivyosema. Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Uliponijibu "sawa, sawa, endelea hivyo hivyo", nikarudisha nguo kabatini na wiki ile ile nikatia sahihi mkataba wa miaka mitatu mingine. Sijakasirika, nimeumia kidogo tu. Najua una sababu zako.

Sasa gari. Baba, pampu iliyokufa haiwashi gari hata kwa kuchelewa. Kama linawaka na kupanda mlima, basi mafuta yanafika. Nadhani presha inapotea gari likizimwa, ndiyo maana stata inahangaika mpaka bomba lijae upya. Nimetuma geji ya presha kwenye kifurushi. Najua utasema sikio lako ndilo geji, ila nifanyie hisani. Ifunge kwenye bomba linalolisha nozeli za kupulizia mafuta kwenye injini, mkunga afungue swichi, uniandikie mshale umefika wapi, na umebaki hapo kwa dakika ngapi.

Na jambo moja dogo. Akifungua swichi, usiweke sikio. Weka kiganja juu ya pampu, uniambie kama inatetema.

Binti yako

6 Aprili

Baba,

Shikamoo tena. Wiki sita sijapata neno. Natumaini ni posta tu na si maradhi.

Niliandika lile la kiganja kwa kuzungukazunguka, sasa naomba niseme wazi. Fundi simu anasema simu nzima. Pampu mbili, ya zamani na mpya, zote kimya, na gari linatembea. Baba, ni nani mwingine anayenong'ona hapo mtaani? Mwuza chai? Mkunga mwenyewe, ambaye akicheka watu wanafungua madirisha?

Nikiwa nyumbani ningekushika mkono tukaenda kwa daktari, ungenitukana njia nzima lakini ungefika. Hapa nilipo naweza kuandika tu, na karatasi haina nguvu ya kumvuta mtu. Tafadhali nijibu, hata mstari mmoja.

Binti yako

3 Mei

Mama,

Marahaba. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira nawe, na geji yako niliitupa nyuma ya kabati la spana.

Hali yangu ndiyo hii. Pampu ya tatu nayo ilikuwa kimya. Nilitaka kwenda kumtukana mwenye duka. Mkunga akanishika bega, nikamwona anasema kitu. Nikamwomba aseme tena. Akachukua chaki akaandika kwenye bati la mlango: "Fundi, hii inalia." Ndipo nikaweka kiganja kama ulivyosema. Ilikuwa inatetema, Mama. Nikaokota zile mbili nilizotupa kwenye chuma chakavu, nikaziunga kwenye betri moja moja. Zote zilitetema mkononi mwangu. Nilikaa chini kwenye lile tairi la trekta, sikufanya kazi tena siku ile.

Daktari amenipima. Ameniandikia kwenye karatasi kwamba masikio hayatarudi, ni miaka ya kugonga mabodi ya magari na kulaza kichwa kwenye injini. Si kosa la mtu.

Gari la mkunga limepona. Geji yako niliitoa nyuma ya kabati, ikafika arobaini na mbili, swichi ikifungwa mshale unaporomoka mpaka sifuri ndani ya dakika nne. Nikabana mpira wa kurudisha mafuta kwenye tangi, mshale ukatulia. Kumbe ni kile kidude cha kudhibiti presha kilikuwa kinavujisha, kitu cha kushika kwa vidole viwili. Nimebadilisha. Nilijua limewaka kwa kuona bomba la moshi linacheza na mkunga anapigapiga usukani.

Sasa niambie ukweli. Ile simu ya Desemba uliongea kwa muda mrefu, na mimi sikupata hata neno moja. Nilikuwa naona aibu kukuambia urudie mara ya tano. "Sawa, sawa, endelea hivyo hivyo" ndilo jibu ninalompa kila mtu mwaka huu, hata mwuza chai. Ulikuwa unaniuliza nini? Lile sanduku linanikosesha usingizi. Kama uliniomba kurudi nyumbani, ujue sikukukatalia. Ningekuja kukupokea mwenyewe.

Baba yako

22 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo kabisa, na kazi inaendelea vizuri. Wamenihamishia kwenye pasi, mikono imeanza kupona.

Hongera kwa gari. Wasikuambie hujui kazi, yule aliyebana mpira akasoma mshale ni fundi bado. Mnunulie mkunga chaki za kutosha.

Desemba sikuwa na swali lolote la maana. Nilikuwa nakusimulia habari za kazini, na jinsi kulivyokuwa na baridi. Sanduku lilikuwa na nguo za kupeleka kwa fundi cherehani, akabanwa na kazi, nikazirudisha kabatini. Mkataba ningeutia sahihi hata hivyo. Ulinijibu vizuri, wala usikose usingizi.

Miaka mitatu si mingi. Gari la mkunga likilala usiku kucha, pima presha asubuhi kabla ya kupiga stata, uniandikie namba.

Binti yako