Baba Yako Hajalewa

Vumilia,

“Mumeo kalewa asubuhi yote hii!” Mama Boaz kanifokea leo, maana baba yako kapepesuka akamkanyagia udaga wake wa muhogo aliouanika.

“Hajanywa hata chai, wewe!”

Wiki ya tatu anaamka kichwa kinamuuma, anatapika, anaburuta mguu, halafu anasingizia zebaki ya machimboni. Mbishi huyo! Mama Boaz akamtazama, sauti ikashuka. “Mama Vumilia, kaka yangu alianza hivi hivi. Ulikuwa uvimbe kwenye ubongo. Tukachelewa.”

Tumekwenda Mwanza akapimwe kichwa. Dagaa wapo jikoni, usiwaunguze tena.

~~Mama Boaz asikanyage humu ndani.~~

Mama Boaz akija kuuliza habari, mwambie, “Shikamoo mama, karibu ndani tule.”

Mama yako