Karani na Ndoo ya Mama Mkwe

Jumamosi, Kwai

Na sijuti hata kidogo! Yule karani wa benki amekaa kwenye kigoda chetu, nje kwenye ukungu, mpaka ng'ombe wote watatu wakakamuliwa.

Mwezi uliopita alimwambia mama mkwe wangu, mbele ya foleni nzima, "Bibi, toka na hiyo ndoo, unanuka maziwa." Hata shikamoo hakutoa. Kwa mama, aliyebeba mawe kichwani wakulima walipojenga benki hiyo! Mama akasubiri nje hadi wakafunga.

Leo benki inasherehekea kumbukumbu ya kuanzishwa kwake, na meneja anataka mama akate utepe. Karani ndiye aliyetumwa na gari kumchukua.

"Mama anakamua," nikamwambia. "Subiri hapo nje, dada. Ng'ombe wetu hawapendi manukato."

Mume wangu, kipenzi changu, alijificha zizini akicheka hadi akamwaga maziwa. Nampenda jamani!

Naogopa kidogo siku nitakayofika dirishani kwake. Lakini…

Mama alipotoka, karani akapiga goti matopeni. "Shikamoo, mama."

Nilingoja amkaripie. Mama akaitikia, "Marahaba," kisha akamkabidhi ndoo iliyojaa.

"Nibebee, mwanangu. Tunaingia nayo benki."